Kabla ya Kushusha Kinga, Pima Kilicholala Mwilini

Katika maduka mengi ya dawa ya Afrika Mashariki, vidonge hutolewa kwenye bahasha ndogo ya karatasi, na maelekezo huandikwa kwa kalamu kwa mkato unaoeleweka na kila mtu: 1x3, 2x2, 1x1. Kidonge kimoja mara tatu kwa siku, viwili mara mbili, kimoja kila siku. Mkato huo umetumika miaka mingi kwa dawa za malaria, za maumivu na za kikohozi, na mgonjwa hana haja ya kuuliza zaidi. Kwa methotreksati, mkato huo ni hatari. Dawa hii, ambayo ni tegemeo la mgonjwa mwenye ugonjwa wa ngozi wa soriasisi ulio mkali, asiye na mamilioni ya kununulia sindano za kisasa, humezwa mara moja kwa wiki.

Anayeimeza kila siku kwa kutokujua huanza kwa vidonda mdomoni. Baadaye uboho unaotengeneza damu huzorota, chembe nyeupe hupungua, na mwili hubaki bila ulinzi. Kinachomuua mara nyingi ni maambukizi ambayo mtu mwingine angeyashinda kwa siku chache kitandani. Kosa hili limejirudia hata katika nchi zenye hospitali bora, hadi mwaka 2019 Mamlaka ya Dawa ya Ulaya ikaagiza pakiti ziwe na onyo linaloonekana wazi, vidonge vifungwe kimoja kimoja badala ya kurundikwa kwenye chupa, na kila mgonjwa apewe kadi ya kumkumbusha kwamba dawa ni ya wiki. Kama Ulaya imeona haja ya kadi, haja hiyo ni kubwa zaidi mahali ambapo dawa huhesabiwa kwa kijiko na kutiwa kwenye bahasha.

Methotreksati ni mojawapo tu ya dawa za kushusha kinga, na hoja ya makala haya inazihusu zote. Dawa ya kushusha kinga ya mwili isianzishwe kabla mgonjwa hajapimwa magonjwa yaliyolala mwilini mwake, na asiondoke dirishani bila maandishi yanayomweleza anachokwenda kumeza. Hakuna kati ya mambo haya linalohitaji hospitali mpya.

Isieleweke kwamba dawa zenyewe ndizo adui. Soriasisi haiambukizi na haitokani na uchafu. Ni kinga ya mwili iliyochachamaa bila sababu na kuiharakisha ngozi: kazi ya kujibadilisha ambayo ngozi ya kawaida huifanya kwa takriban mwezi mmoja, hapa hufanyika kwa siku chache, na magamba hurundikana kwenye viwiko, magoti, mgongo na kichwani. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayawi mekundu kama picha za vitabuni zinavyoonyesha. Huwa ya zambarau au kijivu, na ndiyo maana wengi hutibiwa fangasi kwa muda mrefu kabla ya kukutana na daktari wa ngozi. Baadhi ya wagonjwa huvimba viungo hadi vidole vikapinda. Na wote wanajua kiti cha daladala kinachobaki kitupu pembeni yao, na msusi anayesita kushika kichwa chao.

Mwaka 2014 mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani yalipitisha azimio la kuitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu, wenye maumivu, unaoharibu sura na kulemaza. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2016 ilikadiria kwamba watu wasiopungua milioni 100 duniani wanaishi nao. Mtu ambaye nusu ya mwili wake imefunikwa na magamba ana haki ya kupata dawa yenye nguvu. Ana haki pia ya kulindwa dhidi ya madhara yake.

Jinsi ulinzi huo unavyoweza kukosekana, dunia ilijifunza kwa gharama ya maisha ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilitoka infliksimabu, dawa ya dripu inayozuia kemikali ya kinga iitwayo TNF. Ilianza kwa wagonjwa wa utumbo na wa viungo, kisha ikafika kwa wagonjwa wa soriasisi. Oktoba 2001, Joseph Keane na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine hesabu iliyowashtua madaktari. Kati ya watu wapatao 147,000 waliokwisha kupewa dawa hiyo, 70 walikuwa wameripotiwa kuugua kifua kikuu. Wagonjwa 48 kati ya hao walikuwa wamepata dripu tatu au pungufu. Wagonjwa 40 walikuwa na kifua kikuu nje ya mapafu: kwenye tezi, kwenye utando wa tumbo, kwenye utando wa ubongo, kando ya uti wa mgongo, au kimetapakaa mwili mzima.

Sababu yake inajulikana. Bakteria wa kifua kikuu akiingia mapafuni, mara nyingi mwili haumuui. Humzungushia ukuta wa chembe za kinga na kumfungia humo kwa miaka, pengine maisha yote, na mwenye mwili huo hakohoi wala hamwambukizi mtu. TNF ndiyo saruji ya ukuta huo. Ikiondolewa, ukuta hubomoka na mfungwa hutoka.

Katika taarifa ile ya 2001 kuna namba moja inayopaswa kusomwa polepole na kila mtunga sera wa Afrika Mashariki. Kati ya wagonjwa 70, 64 walitoka katika nchi ambako kifua kikuu ni nadra. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kwa makadirio ya shirika hilo, takriban robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria huyu, na kati ya walioambukizwa ni asilimia 5 hadi 10 tu wanaougua katika maisha yao. Waliobaki humbeba akiwa amelala. Dawa ya soriasisi inaweza kumwamsha.

Hispania ilionyesha kwamba jambo hili linazuilika. Baada ya maelekezo ya kumpima kila mgonjwa kabla ya sindano kutolewa huko mwaka 2002, na waliokutwa na maambukizi yaliyolala kupewa dawa ya kuzuia, kifua kikuu miongoni mwa wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa kwenye dawa hizo kilishuka kwa zaidi ya robo tatu. Dawa za sindano zilikuwa zilezile, na wagonjwa walikuwa na ugonjwa uleule. Kilichobadilika ni kupima kwanza.

Kupima kwenyewe huanza kwa maswali. Je, nyumbani kuna aliyewahi kutumia dawa za kifua kikuu? Je, mgonjwa amewahi kulala bwenini, gerezani au kambini na mtu anayekohoa? Hufuata picha ya kifua na kipimo cha ngozi ya mkono, ambacho husomwa baada ya siku mbili au tatu. Vipo vipimo vya damu vilivyo bora zaidi, ila bei yake inawaacha nje wagonjwa wengi wa ukanda huu. Jambo linalosahaulika ni wakati. Mtu aliyekwisha kumeza prednisoloni, steroidi inayoshusha kinga, kwa wiki kadhaa anaweza kutoa jibu la uongo kwenye kipimo cha ngozi, kwa sababu kinga inayotakiwa kuvimbisha mkono tayari imelazwa. Kupima baada ya kuanza dawa si sawa na kupima kabla.

Atakayekutwa na maambukizi yaliyolala hupewa isoniazidi kwa miezi sita, au mchanganyiko wa dawa nyingine kwa muda mfupi zaidi. Dawa hizo zimo katika mipango ya taifa ya kifua kikuu, kwa sababu watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wamekuwa wakipewa kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kupendekeza kwamba wanaoanza dawa za kuzuia TNF nao wapimwe na kutibiwa vivyo hivyo. Kinachokosekana ni daraja kati ya vyumba viwili vya hospitali ileile: kliniki ya ngozi na kliniki ya kifua kikuu. Mgonjwa hapaswi kuachiwa kazi ya kulijenga daraja hilo kwa miguu yake mwenyewe, kwa karatasi ya rufaa iliyokunjwa mfukoni.

Homa ya ini B inasikika kidogo zaidi, na inastahili kusikika. Mwaka 2022 ilikadiriwa kwamba watu milioni 254 duniani wanaishi na virusi hivyo kwa muda mrefu, na milioni 65 kati yao wako Afrika. Wengi wao hawajui. Kinga ikishushwa, virusi vilivyotulia huweza kuzaliana upya na kulishambulia ini kwa kasi. Methotreksati nayo, hata kwa mtu asiye na virusi, huweza kulidhuru ini, na pombe huzidisha. Kipimo cha awali cha homa ya ini B ni cha tone la damu na kijiti cha plastiki, na dawa mojawapo ya kuvidhibiti virusi hivyo, tenofoviri, imo tayari katika mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Hapana sababu inayoeleweka ya kumwanzishia mtu dawa ya kushusha kinga bila kipimo hiki. Kipimo cha virusi vya Ukimwi chenyewe pia hakipaswi kurukwa, kwani soriasisi inayolipuka ghafla na kwa ukali inaweza kuwa dalili ya kwanza ya virusi hivyo.

Kisha linakuja suala la homa. Katika ukanda huu homa ina jina lake tayari. Mtu akitetemeka usiku, asubuhi anakwenda duka la dawa na kununua ya malaria. Isipopoa, ananunua antibiotiki, na mara nyingi antibiotiki hiyo ni Septrin, kwa kuwa ni rahisi, inajulikana, na ipo kila mahali. Kwa mtu anayemeza methotreksati, mchanganyiko huo unaweza kumuua. Septrin ina dawa mbili, na zote hugusa njia ileile ya vitamini ya foliki ambayo methotreksati huizuia; juu ya hapo hupunguza uwezo wa figo kuitoa methotreksati mwilini. Zikikutana, uboho unaweza kusimama kutengeneza damu. Mgonjwa aliyekwenda dukani kutafuta nafuu ya homa anaishia kukosa chembe nyeupe za kupambana na maambukizi yaliyoileta.

Muuza dawa hana njia ya kulijua hilo kama hajaambiwa. Mgonjwa hana njia ya kumwambia kama naye hajui jina la vidonge vyake vya wiki. Hapo ndipo karatasi inapookoa maisha: jina la dawa, siku ya wiki ya kuimeza, dawa zisizochanganywa nayo, na sentensi moja kwamba ukipata homa, kikohozi cha kudumu, vidonda vya mdomo au michubuko isiyoeleweka, acha dozi ya wiki hiyo na uende hospitali kupima damu siku hiyohiyo. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Na bado kuna wagonjwa wanaoshushwa kinga bila kujua kabisa kwamba wameshushwa. Prednisoloni hununuliwa kiholela na watu wenye kuwashwa, kwa sababu huleta nafuu ya haraka. Kwa soriasisi ni mtego. Ikiachwa ghafla, ugonjwa huweza kurudi kwa sura ya kutisha, ngozi nzima ikiwaka na kujaa vijipele vya usaha, na mgonjwa kulazwa. Wakati huohuo dawa hiyo hufungua mlango kwa mnyoo wa strongiloidesi, anayeingia kwa miguu iliyokanyaga udongo peku. Mnyoo huyu ana tabia ya pekee: huzaliana ndani ya mtu yuleyule bila kuhitaji kurudi nje, hivyo hukaa miaka na miaka. Wanajeshi wa Uingereza waliotekwa na Wajapani na kulazimishwa kujenga reli ya Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikutwa bado wanaye zaidi ya miaka 30 baadaye. Kinga ikishuka kwa prednisoloni, mnyoo huongezeka bila kizuizi, husambaa mwilini akibeba bakteria wa utumbo, na kuua. Ivermektini humtibu. Dawa hiyo si ngeni Afrika Mashariki, imetumika kwa usubi na matende.

Dawa za asili nazo zitazamwe kwa macho mawili. Mwaka 1999 madaktari wa London walichunguza krimu 11 za mitishamba ya Kichina zilizokuwa zikitumiwa na wagonjwa wa ngozi, wakakuta 8 zina deksamethasoni, steroidi yenye nguvu ambayo hakuna aliyewatajia wagonjwa hao. Krimu inayofuta magamba ndani ya siku tatu, isiyo na orodha ya vilivyomo, inastahili shaka, iwe imeuzwa mtaa gani na kwa sifa gani.

Hofu nayo isipitilize. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wa soriasisi zaidi ya 11,000, wengi wao wa Amerika Kaskazini, waliokuwa kwenye dawa mbalimbali. Kwa kila wagonjwa 100 waliofuatiliwa mwaka mmoja, waliopata maambukizi makali walikuwa takriban 2.5 kwa infliksimabu, karibu 2 kwa adalimumabu, na chini ya mmoja kwa ustekinumabu. Dawa hizi hazilingani kwa hatari, na nyingi ya zile mpya zinalenga sehemu finyu zaidi ya kinga. Sekukinumabu, kwa mfano, huzuia kemikali ambayo mwili huitegemea dhidi ya fangasi wa kandida, kwa hiyo mgonjwa anaweza kupata utando mweupe mdomoni au muwasho sehemu za siri. Ni kero inayotibika. Namba hizi zinampa mgonjwa sababu ya kukubali dawa, mradi akumbuke kwamba zilipatikana katika nchi ambako kifua kikuu ni nadra na ambako wagonjwa hupimwa kabla.

Namba hizo zipo kwa sababu kuna waliohesabu. Mfano wa Raptiva unatosha kuonyesha thamani ya kuhesabu. Sindano hiyo ya kila wiki iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya soriasisi. Ilizuia chembe nyeupe kutoka kwenye mishipa ya damu kwenda kwenye ngozi, na kumbe hizohizo ndizo zinazolinda ubongo. Kirusi cha JC, ambacho watu wazima wengi hukibeba bila kudhurika, kilipata nafasi. Mapema mwaka 2009 zikaripotiwa kesi tatu zilizothibitishwa za maambukizi ya ubongo yasiyo na tiba, miongoni mwa watu waliokuwa wameitumia kwa zaidi ya miaka mitatu. Mwaka huohuo dawa ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani. Kesi tatu kati ya maelfu ya watumiaji zisingeonekana kamwe kama kila daktari angebaki na siri ya mgonjwa wake. Tanzania ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu, na zote zina njia ya kuripoti madhara ya dawa. Mgonjwa wa methotreksati anayefariki kwa maambukizi wilayani, na kifo chake kuandikwa nimonia tu, hamfundishi yeyote kitu.

Haraka inahitajika kwa sababu soko linabadilika. Hataza za adalimumabu zimekwisha, nakala zake za bei nafuu zimeanza kuuzwa Ulaya tangu Oktoba 2018 na Marekani tangu 2023, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Bei ikishuka, sindano zitafika mbali zaidi ya hospitali za rufaa. Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC tangu miaka ya 1990, hutoa wataalamu wanaokwenda kuhudumu nchi nyingi za Afrika. Maelekezo ya kupima kwanza yatoke mapema, yakiwa sharti, kabla ya shehena ya sindano kufika.

Chanjo ziingizwe katika maelekezo hayo. Zile zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa hazipewi mtu aliyeshushwa kinga, na ya homa ya manjano ni mojawapo. Mfanyabiashara anayevuka mipaka ya Afrika Mashariki anahitaji cheti chake, na tangu 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote. Kwa hiyo ichomwe wiki nne au zaidi kabla ya dawa kuanza, na aliyechelewa aandikiwe barua ya daktari ya msamaha, ambayo kanuni za kimataifa za afya zinairuhusu.

La mwisho linamhusu mtoto mchanga. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza walieleza kisa cha mama aliyetumia infliksimabu wakati wa ujauzito kwa sababu ya ugonjwa wa utumbo. Mtoto alizaliwa mzima, akachanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu yenye bakteria hai waliodhoofishwa, akiwa na miezi mitatu, na akafariki akiwa na miezi minne na nusu, bakteria wa chanjo wakiwa wametapakaa mwilini. Dawa ilikuwa imepita kwenye kondo la nyuma na kubaki katika damu yake. Uingereza BCG hupewa baadhi ya watoto tu. Tanzania, Kenya na kwa majirani zao hupewa karibu kila mtoto, tena mara anapozaliwa, na ni vizuri iwe hivyo, kwani inawalinda wengi. Methotreksati yenyewe haipaswi kabisa kutumiwa na mjamzito, maana huharibu mimba. Lakini wanawake wenye soriasisi watazidi kutumia sindano hizi na kupata watoto. Mkunga wa wodi ya wazazi, mwenye sindano ya BCG mkononi, anahitaji kujua kabla hajaichoma. Kadi ya kliniki ya mama ina nafasi ya presha, ya wingi wa damu na ya virusi vya Ukimwi. Wizara za afya ziongeze mstari mmoja unaouliza kama mama ametumia sindano yoyote ya kushusha kinga katika ujauzito huu, na wakunga waelekezwe kwamba jibu likiwa ndiyo, BCG ya mtoto huyo isubiri hadi daktari aseme.